Ghala la Majibu

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani inayoning'inia darasani kwenu, kwa hiyo asitokee mtu akasema ni kwao. Ni nchi yenye bendera, wimbo, na Wizara ya Elimu yenye ghorofa saba na lifti inayopanda tu. Wanaotaka kushuka hutumia ngazi. Watu wake ni wapole. Wakiambiwa simameni, husimama. Wakiambiwa kaeni, hukaa, hata kama viti havijaletwa.

Zamani, nchi hii ilikuwa na majibu. Mtoto akipewa hesabu, aliandika jibu, na mwalimu aliweka alama ya vema au ya kosa. Ilikuwa kazi rahisi, na kama mjuavyo, kazi rahisi huvutia wezi. Majibu yaliibwa, yakafichwa kwenye soksi, yakaandikwa mapajani. Mwaka mmoja wanafunzi wa mkoa mzima walipata sitini na tatu katika swali la ishirini, na karatasi ya mwaka ule ilikuwa na maswali kumi na tisa.

Waziri alikasirika kwa siku tatu. Siku ya nne alihutubia taifa redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumechunguza kwa kina, na tumegundua kwamba chanzo cha udanganyifu wote ni jibu. Pasipo na jibu, hakuna cha kuiba. Kuanzia leo serikali yenu haitasahihisha majibu. Itasahihisha fikra, na namna fikra hizo zinavyoelezwa."

Watu walipiga makofi. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa na pini mdomoni, lakini nilipiga makofi pia.

*

Utaratibu mpya ulikuwa mzuri, na ninausimulia kwa heshima zote. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu alitakiwa kufanya mradi wa hisabati kwa wiki kumi na mbili, juu ya jambo alilolichagua mwenyewe. Hoja zilikuwa na alama hamsini, mawasiliano alama hamsini. Wasahihishaji walipewa kitabu cha vigezo chenye kurasa mia mbili, kilichoeleza tofauti kati ya mwanafunzi "anayefikiri", "anayefikiri kwa mpangilio" na "anayefikiri kwa mpangilio huku akitabasamu".

Palibaki tatizo moja. Watoto waliendelea kupata majibu. Hawakukusudia, ukimwacha mtoto afuate njia, mara nyingi hufika. Na msahihishaji akiliona jibu mwishoni mwa mradi, moyo wake unaweza kushawishika. Kwa hiyo Wizara iliamuru kwamba hitimisho liandikwe kwenye ukurasa wa mwisho peke yake, na kwamba ukurasa huo uchanwe kabla mradi haujasomwa.

Kila shule ilipata Afisa Mchanaji. Walipelekwa ng'ambo kwa miezi sita kujifunza kuchana. Walirudi na makoti meupe, na kwa kuwa ukurasa lazima uchanike kwa unyoofu, walichukua rula zote za chuma zilizokuwa shuleni, zile za mita moja ambazo walimu walichorea ubaoni. Kurasa zilitiwa ndani ya bahasha, zikapigwa lakiri, zikapelekwa mji mkuu kwenye Ghala la Majibu. Huko hazikusomwa na mtu yeyote. Zilitunzwa vizuri sana.

Wanafunzi nao walikula kiapo cha kutomwambia mtu jibu mpaka siku ya kujieleza mbele ya jopo. Siku hiyo jopo lingewauliza kuhusu njia yao, na kipimo chao cha karibuni kabisa, kwa maana Wizara ilikataa takwimu zilizokufa. Sharti la sita lilisema hivi: "Takwimu ziwe hai hadi siku ya kujieleza. Mtahiniwa atakayeleta takwimu zilizokufa atakatwa alama thelathini." Ukipima kitu, endelea kukipima. Nchi nzima ilisifu sharti hilo. Nalikumbuka kila siku.

*

Binti yangu aliitwa Sauda. Alikuwa wangu peke yangu, baba yake akiwa ametangulia Sauda akitambaa. Alisoma shule ya bweni, mwendo wa nusu siku kutoka kwetu, na alikuwa na tabia ya kuhesabu vitu bila kutumwa: vifungo dukani, hatua za kwenda kisimani, mara ambazo mgeni anasema "kwa kweli".

Mwaka wake wa kidato cha tatu wenzake walichagua miradi ya kawaida. Mmoja alikadiria idadi ya maharage katika gunia la shule na mawe yaliyomo. Mwingine alipima kasi ya mbuzi wa mwalimu mkuu akiwa na njaa na akiwa ameshiba. Sauda alichagua ufa.

Ulikuwa kwenye ukuta wa mashariki wa bweni lao, karibu na kona, juu ya kitanda chake. Kila Ijumaa alasiri alisimama juu ya kitanda, akapima umbali kati ya vitone viwili vya penseli alivyoviweka huku na huku kwa ufa, akaandika. Rula ya chuma ilikuwa kwa Afisa Mchanaji, na Afisa alisema haiwezekani kifaa cha kuchania kitumike kupimia. Basi mwezi wa kwanza Sauda alikuja nyumbani akaniomba futi yangu ya kushonea, ile ya zamani ya njano. Nilimpa. Mimi nilikuwa na nyingine.

Alimtafuta hata fundi aliyejenga bweni, ambaye siku hizi anakaanga chipsi sokoni. Mazungumzo yao aliyaandika kwenye mradi neno kwa neno, kwa kuwa mahojiano yalikuwa na alama tano. Alimuuliza boriti za paa zimekalia ukuta kwa kiasi gani. Fundi alijibu huku akigeuza viazi kwamba mchoro ulisema sentimita ishirini.

"Na wewe uliweka ngapi, baba?"

"Nne. Saruji iliisha, binti yangu, na mgeni rasmi alikuwa anakuja keshokutwa."

*

Mwezi wa tatu walipewa mapumziko mafupi. Sauda alikuja na mradi wake kwenye mfuko wa plastiki usilowe mvua. Alinikuta nakunja pindo la gauni la harusi. Alifungua daftari mezani, juu ya vitambaa, akanionyesha grafu.

Nilisoma mpaka kidato cha nne, na hesabu sikuwa mbovu. Mhimili mmoja ulikuwa wiki, mwingine milimita. Mstari ulianza taratibu, kama mtu anayetembea na ndoo kichwani, halafu ukaanza kupanda, halafu ukapanda zaidi.

"Una mkono mzuri, mwanangu," nilimwambia.

"Uangalie tena, Mama."

Niliangalia tena. Nikasema kalamu nyekundu imependeza.

"Ungeambiwa uendelee nao, ungeupeleka wapi?"

"Juu," nilisema.

"Juu mpaka lini?"

Nikamuuliza, si unieleze wewe uliyeuchora? Akasema haruhusiwi. Ameapa. "Jibu siwezi kukuambia, Mama. Nakuonyesha njia tu."

Mwenye gauni alikuwa mlangoni anapiga hodi. Nikamwambia Sauda aondoe daftari, nisije nikalidondoshea mafuta ya cherehani. Akaliondoa.

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Nimeyaandika yote, hakuna nililolipunguza.

*

Alikwenda pia kwa mwalimu wake wa hisabati, Mwalimu Tindwa, mtu mwema mwenye sauti ndogo. Alimwomba amsikilize mwisho wa mradi wake hata dakika moja. Mwalimu aliziba masikio kwa viganja, si kwa ubaya. Mwalimu mwenzake wa shule ya jirani alikuwa amesimamishwa kazi kwa kosa la kusikia jibu kupitia dirishani.

"Una njia nzuri sana, Sauda," alimwambia. "Usije ukaiharibu kwa jibu."

Mwalimu Tindwa amenisimulia hayo mara nyingi. Kila akija anayasimulia upya, na kila mara anainua viganja anionyeshe alivyoziba.

Wiki ya kumi mradi ulikusanywa. Afisa Mchanaji aliweka rula yake, akauchana ukurasa wa mwisho mbele ya darasa zima, na darasa likapiga makofi kama kawaida kwa kuwa ulichanika vizuri. Mradi uliobaki ulipelekwa kwa wasahihishaji watatu. Jumatano ya wiki ya kumi na mbili matokeo yalibandikwa. Sauda alikuwa wa kwanza, tisini na nne. Ninayo nakala ya maoni yao. Wa kwanza aliandika: "Hoja zinafuatana bila pengo." Wa pili: "Mtahiniwa anaeleza kwa uwazi kiasi kwamba msomaji anauona ukuta ukienda." Wa tatu: "Inajenga hamu kubwa ya kujua kitakachotokea."

Kujieleza mbele ya jopo kulipangwa Jumamosi tarehe kumi na tatu, mwezi wa nne.

Ijumaa tarehe kumi na mbili mvua ilinyesha tangu asubuhi, na wasichana hawakutoka kwenda uwanjani. Saa kumi alasiri ukuta wa mashariki ulitoka nje wote kwa mara moja, na upande ule wa paa ukaingia ndani. Wasichana arobaini na moja walikuwa bwenini. Arobaini walitoka. Sauda alikutwa karibu na kona, futi yangu ikiwa shingoni, kama mafundi cherehani tunavyoivaa.

*

Tume ya uchunguzi iliundwa kabla ya matanga kwisha. Mwenyekiti wake alikuwa yuleyule Mwenyekiti wa Jopo la Miradi ya Hisabati, mtu mkubwa mwenye suti ya kijivu na leso ya kujifutia miwani. Alizungumza makaburini kwa dakika arobaini. Alisema taifa limempoteza mtahiniwa. Alisema pia kwamba vifo vingekuwa vinane, kwa maana ukutani pale pana nafasi ya vitanda vinane, ila saba vilikutwa vimehamishwa. Jambo hilo tume ililiweka kwenye taarifa yake chini ya kichwa "Mafanikio", kifungu cha kwanza: mpangilio bora wa vitanda uliobuniwa na Wizara.

Watu wakiwa wanaondoka, msichana mmoja mwembamba alikuja akanishika mkono. Aliitwa Kibibi, kitanda chake kilikuwa cha pili kutoka cha Sauda.

"Shikamoo, Mama. Pole, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alitazama chini. Akaniambia kwamba majuma matatu nyuma Sauda aliwaambia wote saba kuwa ukuta ule umejaa kunguni. Aliwatania, akawaambia wataolewa wakiwa na mabaka mgongoni. Wakavuta vitanda vyao upande wa pili, wakabanana huko.

"Tulitafuta sana, Mama. Hatukuona kunguni hata mmoja."

Nilirudi nyumbani na neno hilo. Kama aliwahamisha, basi alijua. Kama alijua, kwa nini alibaki yeye? Nilipanga na kupangua. Mwenye kujua alikuwa amezikwa, na alichokijua kilikuwa kwenye ukurasa mmoja, ndani ya bahasha yenye lakiri, katika Ghala la Majibu. Nikaanza kuutafuta.

*

Nilikwenda Wizarani. Nilipanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi mara tisa. Niliambiwa hitimisho hutolewa kwa mtahiniwa mwenyewe, baada ya kujieleza mbele ya jopo, si kabla. Nikasema mtahiniwa amefariki. Nikaambiwa niandike barua na kuambatanisha uthibitisho.

Niliandika, nikaambatanisha hati ya kifo. Baada ya miezi minne nilijibiwa: "Hati uliyoleta inatoa jibu tu, bila kuonyesha njia. Tafadhali eleza hatua kwa hatua jinsi mtahiniwa alivyofikia hali hiyo, pamoja na mchoro mmoja."

Mchoro ule nilijaribu. Nilikaa na karatasi mezani, nikachora ukuta, nikachora kitanda. Sikufika mbali.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, ilikuja barua kwa jina lake. Mtahiniwa Sauda anakumbushwa kwamba hakufika kujieleza tarehe kumi na tatu, na anapewa nafasi nyingine. Aje na takwimu hai. Aje amevaa sare. Mwaka wa pili ikaja nyingine. Mwalimu Tindwa aliniambia kwamba siku ya jopo huitwa majina yote, na likifika jina lake wajumbe wote watatu wa jopo hutazama kiti cha mtahiniwa kwa dakika thelathini, muda wake uliopangwa. Kisha huandika "Hajafika" na kuita anayefuata. Mwenyekiti hakubali muda huo upunguzwe. Anasema ni haki ya mtoto.

Shuleni bweni halikujengwa upya, kwa kuwa tume ilikuwa bado inaandika kifungu cha pili. Pengo lilifunikwa kwa turubai kubwa, na Wizara ilituma msanii akachora ukuta juu yake. Alichora vizuri, matofali na yote, na dirisha lenye pazia. Wageni wakipita kwa gari husifu ujenzi.

Kisha maneno yakaanza. Matroni alisema kwamba kila Jumatatu anakuta vitone vya penseli kwenye vipande vya ukuta vilivyosalia, kimoja huku, kimoja huku, na tarehe ya Ijumaa pembeni kwa mwandiko mdogo. Vilikuwa juu, mahali ambapo mtu hafiki bila kusimama juu ya kitanda, na pale hapakuwa na kitanda. Walipaka chokaa. Ijumaa iliyofuata vilirudi. Wizara ilituma mtaalamu, akasema ni unyevu. Ulipoendelea kuandika tarehe, ulitolewa waraka kwamba katika shule ile Ijumaa isiwepo. Baada ya Alhamisi iwe Alhamisi ya Pili. Unyevu haukuusoma waraka.

Nilikwenda kujionea. Kibibi alikuwa kidato cha tano sasa, kiranja wa bweni, mrefu. Alinipeleka nyuma ya turubai. Vitone vilikuwapo. Nikamuuliza nani anaviweka.

"Hatujui, Mama," alisema. Alikuwa na penseli sikioni, na viatu vyake vilikuwa na chokaa. Wasichana wadogo waliosimama nyuma yake nao walisema hawajui, wote kwa pamoja, kama watu waliokwisha kula kiapo.

Nilikuwa nimenunua futi ya chuma. Kibibi alishika ncha moja, mimi nyingine, tukapima toka kitone hadi kitone. Niliandika kiganjani.

*

Mwaka wa tatu barua ilipokuja niliigeuza nyuma nikasoma maandishi madogo. Yalisema mtahiniwa mwenye udhuru anaweza kuwakilishwa na mzazi, endapo mzazi atakubali kuulizwa kama mtahiniwa. Sikuwa nimeyaona miaka miwili yote. Nilishona sketi ya buluu na shati jeupe la kipimo changu, nikaenda.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, watu watatu, na kiti kimoja kilichokuwa kipya kwa sababu ya kutokaliwa. Nilikaa. Mwenyekiti alifuta miwani.

"Jitambulishe."

"Mimi ni mama yake Sauda, mheshimiwa."

"Jopo halina mtahiniwa wa jina hilo. Jitambulishe kama mtahiniwa."

Nikasema, naitwa Sauda. Kwa nusu saa iliyofuata niliitwa hivyo, na niliitika.

Waliniuliza kwa nini nilichagua ufa, nikajibu kwamba ulikuwa juu ya kitanda changu. Waliniuliza nilivyohakikisha vipimo, nikaeleza kuhusu vitone. Mjumbe wa kushoto alinisifu kwa kutumia mikono. Mjumbe wa kulia aliniomba niongeze sauti, kwa sababu ya kigezo cha mawasiliano, nami nikaongeza.

"Mwanafunzi," alisema Mwenyekiti, "takwimu zako ziko hai?"

"Ziko hai, mheshimiwa."

"Kipimo cha karibuni?"

"Mita kumi na moja na sentimita nne."

Walitazamana. Mjumbe wa kushoto alifunua daftari la mradi. "Hapa mwisho tunaona milimita thelathini na tano," alisema. "Ufa gani huo wa mita kumi na moja?"

"Ni uleule. Ukuta ndio haupo."

Mwenyekiti aliandika kwa muda. Alisema ni maelezo mafupi yanayoeleweka, na kwamba angependa watahiniwa wengine wajifunze hapo. Kisha akafika kwenye kigezo cha mwisho, kinachoitwa tafakuri. "Kutokana na mradi huu, Sauda, umejifunza nini?"

Nilitaka kujibu. Nilimwona amesimama mezani kwangu, daftari wazi juu ya vitambaa, ananiambia niangalie tena. Nilifungua mdomo, na hapakutoka kitu. Saa ya ukutani ilipiga. Wote watatu waliandika, na baadaye niliona nimepewa alama tano kati ya tano: "Ametafakari kwa kina."

*

Ghala la Majibu liko chini kabisa ya jengo, kwa hiyo nilishuka kwa ngazi. Mtunzaji wake aliitwa Bwana Mdoe, mzee mkimya mwenye makubazi. Rafu zilikwenda mpaka nisipoona. Alisema tangu aanze kazi hajatokea mtu wa kufuata jibu. Wanafunzi wakishapata alama zao huondoka. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba mvua ikinyesha husikia karatasi zikigeuka ndani ya bahasha.

"Labda ni panya," nilimwambia.

"Nami nawaambia hivyohivyo, dada."

Alileta bahasha, akavunja lakiri. Kanuni zilikuwa kwamba nitasoma hapohapo, dakika tano, kisha nirudishe, kwa kuwa jibu ni mali ya serikali. Alinigeuzia mgongo ili asilisikie likisomwa. Nilisoma mara tatu. Mara ya nne nilifumba macho, nikajaribu kama nimelishika.

Aliniuliza bila kugeuka kama anaweza kuandika kwenye rejista kwamba jibu lilikuwa sahihi. Nikamwambia kwamba binti yangu aliandika Jumapili, tarehe kumi na nne. Ilitokea Ijumaa.

"Basi alikosea kwa siku mbili," alisema, kwa huruma. "Usihuzunike. Hata Mwenyekiti husema hivyo, majibu yana tabia ya kukosea. Ndiyo maana yako huku."

Juu ya meza yake palikuwa na rula ya chuma ya mita moja, yenye alama ya shule ya Sauda, iliyorudishwa baada ya kuchakaa kwa kuchana. Nilitoa futi ya njano mkobani. Walinirudishia pamoja na nguo zake, na sikuwa nimeitumia tena. Niliilaza juu ya chuma, mwanzo kwa mwanzo, nikainyoosha. Alama ya mia moja ya futi yangu haikukaa kwenye mia moja ya rula. Ilipita. Ilisimama sentimita mbili na nusu mbele, hewani, nje ya chuma.

Futi ya kitambaa huvutika kwa miaka ya kuvutwa. Kila fundi anajua. Iliyovutika husema kidogo kuliko kilichopo: ufa ukifika milimita arobaini, yenyewe inakuambia thelathini na tisa. Imepungua milimita moja. Na ufa, kwa hesabu ya Sauda mwenyewe, siku hizo za mwisho ulikuwa unakua nusu milimita kwa siku.

Bwana Mdoe aliniambia dakika tano zimekwisha. Nilimpa ukurasa, akautia bahasha mpya, akapiga lakiri mpya.

Nilipanda basi la kurudi nikiwa nausema moyoni ili usinipotee, na nilipofika sikuvua hata viatu, nikauandika nyuma ya karatasi ya kukatia mitindo. Ndio huu. Nimeuweka mwisho kwa sababu ndiko alikouweka yeye.

*

"HITIMISHO. Ufa utafika sentimita nne Jumapili tarehe 14 mwezi wa nne, mvua ikiendelea hivi. Boriti zitakosa pa kukaa. Ukuta utatoka nje, paa litaingia ndani.

MAPENDEKEZO. Vitanda vinane vya ukutani viondolewe. Saba nimeviondoa mimi kwa kusingizia kunguni. Naomba nisamehewe uongo huo, sikuweza kuwaambia kweli kwa sababu ya kiapo. Cha nane ni changu. Ndicho ninachopanda juu yake kupima, na takwimu zinatakiwa kuwa hai. Nitapima mara ya mwisho Ijumaa, nitajieleza Jumamosi, nikitoka hapo nitakihamisha. Nimepiga hesabu mara tatu. Ninabakiwa na siku moja.

UDHAIFU WA MRADI. Nimetumia futi ya mama badala ya rula ya chuma. Sidhani kama ina tatizo, kwa sababu mama hajawahi kukosea nguo ya mtu.

OMBI. Naomba msahihishaji aanze kusoma ukurasa huu."